Saplai mpya, mashine bado haiwaki: kisa cha kompyuta ya steshenari ya Nkuhungu

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuletea mgonjwa. Huko nilikotoka wameniambia ameshakufa."

Aliteremka kwenye bajaji pale Majengo ninapofanyia ufundi, akiwa amelikumbatia boksi la kompyuta, amelifunga kitenge kulikinga na vumbi. Ulikuwa mwezi wa saba, na upepo wa Dodoma mwezi huo haumwonei mtu haya. Aliliweka mezani kwangu, akafungua fundo, akatoa na karatasi ya bei: mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) ya mtumba, shilingi 120,000. "Kabla sijatoa hela nimeona nije unitazamie na wewe. Na kama kweli imekufa, sawa. Ila mafaili yangu nayataka."

Nakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu nimekutana na ndugu zake wengi mno. Saplai, kile kisanduku kinachoigawia kompyuta umeme, inaungua, inawekwa mpya, mashine haiwaki, kisha mazabodi inahukumiwa bila kusikilizwa. Mwenye mali analipa mara mbili, mara nyingine tatu, na kitu chenyewe kilichokuwa kinazuia mashine isiwake kinaweza kuwa kidogo kama punje ya mchele.

Mama ana steshenari Nkuhungu. Anatoa kopi, anachapa barua na mikataba ya nyumba, anapiga picha za pasipoti, anafanya laminesheni. Mwezi wa saba ndio msimu wake: matokeo ya kidato cha sita yanatoka, na vijana wanajaa kwenye benchi kujaza maombi ya vyuo na ya mikopo. Kompyuta anayo moja tu. Ni mnara wa kuunganishwa, si wa kampuni moja, wenye saplai ya kawaida ya ATX (aina inayotumiwa na minara mingi) na plagi yake ya pini 24. Hilo la plagi lilinipunguzia kazi. Ingekuwa Dell OptiPlex 9020, kwa mfano, saplai yake ina plagi ya pini 8 na mpango wake wa peke yake, na huwezi kuchukua saplai yoyote ya dukani ukaichomeka.

Nilimuuliza ilikuwaje, na nilimwacha aeleze bila kumkatiza. Maelezo ya mwenye mali ni kipimo kama vipimo vingine. Umeme ulikatika mchana, kompyuta ikiwa inachapa. Ukarudi. Ukakatika tena kabla hajakaa sawa kwenye kiti. Uliporudi mara ya pili taa ziliwaka kwa mwanga mkali kuliko kawaida, na ndipo nyuma ya kompyuta pakalia "pah!", ikafuata harufu ya kuungua. Akazima soketi. Fundi wa jirani alikuja jioni, akasema saplai imekwenda, akaweka mpya ya shilingi 45,000. Akabonyeza kitufe: feni ilishtuka, ikanyamaza. Akaleta saplai nyingine kutoka dukani kwake, ikawa vilevile. Hapo akasema: saplai mbili haziwezi kuwa mbovu kwa pamoja, basi ni mazabodi.

Hesabu yake haikuwa ya ovyo. Saplai mbili kweli haziwezi kuwa mbovu kwa namna ileile. Lakini kutoka hapo hadi mazabodi kuna vituo kadhaa njiani, na alivipita bila kushuka.

Alikuwa ameiacha saplai ya zamani ndani ya mfuko wa plastiki. Nilishukuru, maana kifaa kilichoungua kinaeleza mengi kuhusu kilichobaki. Kabla ya kuifungua nilitazama nyuma kama ina kile kiswichi chekundu cha kuchagua 115 au 230. Mashine za mtumba kutoka Marekani huja nacho kikiwa upande wa 115, na ukiichomeka kwenye umeme wetu wa 230 italipuka sekunde hiyohiyo. Yake haikuwa nacho.

Hapa niseme kwa msisitizo: asiye fundi asifungue saplai. Ndani yake umeme wa ukutani wa volti 230 unanyooshwa kwanza, unakuwa wa karibu volti 325, na unakaa kwenye kapasita kubwa ambazo zinaweza kuushikilia hata baada ya waya kuchomolewa. Mimi huiacha ikae, kisha namaliza chaji kwa balbu ya wati 60 ya nyuzi, kisha napima kwa mita kuhakikisha, ndipo nagusa.

Ndani nilikuta vumbi jekundu la Dodoma limegandamana kwenye mapezi ya kupozea mpaka yamekuwa kama sega la udongo. Feni ilizunguka kwa shida hata kwa kidole. Fyuzi ya kioo ilikuwa nyeusi tii. Fyuzi iliyokatika kwa kuzidiwa kidogo huonyesha uzi uliokatika na kioo kinabaki safi. Fyuzi iliyopata shoti kubwa hulipuka ndani na kupaka kioo masizi. Transista kuu, ile swichi inayokatakata huo umeme, ilikuwa imepasuka, na ndiyo iliyolia "pah". Ila lililonisimamisha ni upande wa pili, upande wa volti ndogo: kapasita tatu zilikuwa zimevimba vichwa, moja imetoa maji yake ya kahawia yakakauka.

Kapasita zilizovimba hazikuvimba siku ile. Zilikuwa zikifa polepole kwa joto, labda mwaka mzima, na vumbi lilikuwa linasaidia. Maana yake saplai hii ilikuwa inatoa umeme mchafu muda mrefu, na ile sakiti ndogo ya kuchungulia volti zinazotoka, inayoiambia transista "tosha, punguza", ilikuwa inasoma habari zisizo sahihi. Ninavyousoma mfuatano wake, umeme uliporudi kwa nguvu transista ilisukuma kupita kiasi, volti 12 zikapanda zaidi ya 12, na ndipo transista yenyewe ikapasuka na fyuzi ikakatika. Kwa muda mfupi sana, kila kilichokuwa kimeunganishwa na waya wa njano, ule wa volti 12, kilipokea zaidi ya kilichozoea.

Ndiyo maana saplai ikifa, mimi huuliza imeondoka na nani. Kuibadilisha ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kwenda kwa kila kilichokuwa kinakula kutoka kwake na kukipima.

Nikahamia kwenye saplai mpya. Saplai ya ATX hailali kabisa. Ukiichomeka tu, hata kabla ya kubonyeza kitufe, waya wa zambarau unatoa volti 5 za kusubiri, na hizo ndizo zinazoiwezesha mazabodi kusikia kitufe. Ukibonyeza, mazabodi inaushusha waya wa kijani hadi sifuri. Saplai inaamka, inatoa volti zake zote, na zikishatulia inaarifu kwa waya wa kijivu kwamba kazi ianze. Taarifa hiyo hufika kati ya milisekunde 100 na 500.

Kwa hiyo saplai inaweza kujaribiwa peke yake, ikiwa imechomolewa kabisa kwenye kompyuta. Nilichukua klipu ya karatasi nikaunganisha pini ya waya wa kijani na pini ya mweusi jirani yake, nikaichomeka ukutani. Feni yake ikazunguka vizuri. Mita ilisoma 12.1 kwenye njano, 5.05 kwenye nyekundu, 3.31 kwenye rangi ya chungwa, na 5.06 kwenye zambarau. Kanuni inaruhusu asilimia 5 juu au chini, yaani njano ikae kati ya 11.4 na 12.6. Ilikuwa ndani kabisa. Jaribio la klipu halithibitishi kwamba saplai itabeba mzigo, linaonyesha tu kwamba inaamka na volti zake zina akili. Nilikuwa na saplai yangu ya benchi ninayoiamini, nikaiweka karibu kwa ajili ya kulinganisha.

Kisha nikairudisha kwenye mashine nikabonyeza kitufe. Feni ya prosesa, ile chipu kuu inayofanya hesabu zote, ilizunguka robo, ikasimama. Nikabonyeza tena, hakuna kitu. Nikabonyeza nikashikilia, hakuna kitu. Nikachomoa waya ukutani, nikahesabu nusu dakika, nikachomeka, nikabonyeza: robo mzunguko, kimya.

Watu wengi huona hapo mashine mbovu. Mimi niliona saplai inayofanya kazi yake. Kompyuta isiyowaka ina ukimya wa aina mbalimbali, na kila ukimya unaelekeza kwingine. Ikiwa kimya kabisa, hata feni haishtuki, hata taa ya mazabodi haiwaki, tafuta kwenye soketi, kwenye fyuzi ya plagi ya ukutani, kwenye volti 5 za kusubiri, au kwenye kitufe chenyewe. Ikiwa feni zinazunguka bila kusimama lakini skrini ni nyeusi, angalia ile plagi ndogo ya pini 4 ya prosesa, ambayo mafundi wenye haraka huisahau, kisha RAM, vile vipande vya kumbukumbu ya muda. Lakini ikishtuka na kufa, na isishtuke tena mpaka uichomoe ukutani, hapo saplai imeona shoti mbele yake ikajifunga. Saplai nzuri hufanya hivyo: inapima, inaona mkondo unakimbia bila kizuizi, inakata, na inabaki imekata mpaka uiondolee umeme. Kubonyeza mara ya pili bila kuichomoa hakupimi chochote, ingawa fundi huhesabu kuwa ni jaribio lingine lililoshindwa.

Kwa hiyo saplai mbili zilikuwa zimetoa ushahidi mmoja: mahali fulani mbele yetu pana shoti. Hazikusema ni mazabodi.

Nilichomoa kila kitu. Hadi diski inayotunza mafaili, DVD, feni ya mbele, waya za USB za mbele, hata waya za kitufe. Nilibakisha mazabodi, prosesa na feni yake, kipande kimoja cha RAM, na spika ndogo ya kupiga bipu. Kabla ya kuwasha, saplai ikiwa nje, nilipima ohmu kati ya njano na nyeusi kwenye plagi ya mazabodi na kwenye ile ya pini 4. Mita ilianza chini ikapanda taratibu, dalili ya kapasita zinazojaa. Hapakuwa na sifuri. Hapo moyo wangu ulitulia, kwa sababu mazabodi iliyopata shoti kwenye volti 12 hukaa sifuri au jirani yake, haipandi.

Nikachomeka saplai, nikagusanisha pini mbili za kitufe kwa ncha ya bisibisi.

Bipu moja. Feni ikashika kasi. Skrini ikaonyesha maandishi meupe, ikilalamika tu kwamba kumbukumbu ya mipangilio imepotea na saa si sahihi.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni. Aliposikia ile bipu alisimama. "Hiyo si ndiyo sauti yake?" Nikamwambia ndiyo yenyewe, mazabodi yako ni nzima, ila bado hatujampata mwenye kosa. Lile lalamiko la saa lilikuwa dogo: betri ya CR2032 kwenye mazabodi ilisoma volti 2.4, wakati mpya huwa na 3. Imeshachoka kwa umri, haihusiani na kilichotokea.

Sasa kazi ikawa ya kurudisha kimoja kimoja, na kila mara kuzima, kuchomoa ukutani, kusubiri. Inachosha na ina shawishi ya kurudisha viwili kwa pamoja. Usirudishe viwili. Feni ya mbele: inawaka. USB za mbele: inawaka. DVD: inawaka. Hadi diski, waya wa data pekee: inawaka. Hadi diski, waya wa umeme: robo mzunguko, kimya.

Nilimpigia yule fundi wa kwanza, namba yake ilikuwa kwenye karatasi ya bei. Sikumpigia kumsuta. Nilitaka kujua kama aliijaribu mashine bila hadi diski, kwa sababu jambo hili lilinishangaza. Akasema kwa uhakika: "Kaka, niliitoa, nilichomoa waya wake." Nikamuuliza waya upi. Akafikiri kidogo. "Ule mwembamba, mwekundu." Ule ni wa data. Waya wa umeme aliuacha. Kwake hadi diski ilikuwa imeshatolewa kwenye hesabu, kumbe shoti ilikuwa bado inaning'inia kwenye mashine kwa waya mweusi na wa njano. Hicho ndicho kituo alichokipita bila kushuka. Akanyamaza, kisha akasema, "Duh. Asante, kaka."

Hadi diski ya inchi 3.5 inakula volti mbili: 12 kwa ajili ya mota inayozungusha sahani, na 5 kwa ajili ya sakiti zake. Ya inchi 2.5 na SSD (diski isiyo na sahani za kuzunguka) ya kawaida ya SATA zinakula 5 pekee, na ndiyo maana volti 12 zikichafuka SSD hupona mara nyingi wakati hadi diski kubwa inaumia. Kwenye plagi ya umeme ya SATA, pini tatu za mwisho ni za volti 12, tatu kabla yake ni za ardhi. Niliweka ncha moja ya mita kwenye 12 na nyingine kwenye ardhi. Mita ikalia bila kukata. Sifuri. Upande wa volti 5 haukulia.

Niliigeuza hadi diski, nikafungua skrubu za nyota ndogo, nikaitoa bodi yake ya kijani. Karibu na plagi ya umeme hukaa diodi mbili za ulinzi, moja ya volti 12, moja ya volti 5. Siku zote haziruhusu chochote kupita. Volti ikipanda kuliko zilivyopangiwa, zinafunguka na kuimwaga ardhini ili isifike kwenye sakiti za ndani. Ikizidi mno, diodi inaungua yenyewe, na inapoungua hubaki imefungamana, yaani shoti. Imekufa ikiwa imeufunga mlango.

Niliiangalia kwa lensi. Ya volti 5 ilikuwa laini, maandishi yake yanasomeka. Ya volti 12 ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele kutoka kona moja hadi katikati, na pembeni yake rangi ya kijani ya bodi ilikuwa imegeuka kahawia kidogo. Basi. Punje ya mchele yenye ufa. Hiyo ndiyo iliyozinyamazisha saplai mbili na kuifanya mazabodi nzima iandikiwe bei ya mbadala.

Niliangalia pia chipu ya mota, ile ya mraba katikati ya bodi, kama imetoka malengelenge au shimo. Ilikuwa safi. Kama ingekuwa imeungua, hadithi ingekuwa nyingine, kwa sababu bodi ya hadi diski hainunuliwi kwa jina la modeli pekee ikabandikwa. Kwenye diski nyingi za miaka ya karibuni kila bodi ina chipu ya kumbukumbu yenye vipimo vya diski yake tu, na ukiweka ya mwenzake bila kuhamisha chipu hiyo, haisomi.

Nilimwita mama karibu nikamwonyesha, kwa sababu uamuzi uliofuata haukuwa wangu. Nilimwambia: naweza kuitoa hii diodi. Ikitoka, shoti inaondoka, na diski huenda ikazunguka. Lakini itakuwa haina mlinzi upande huo, kwa hiyo nitaiwasha kwa saplai yangu niliyoipima, mara moja, kwa ajili ya kuvuta mafaili tu. Na kama kuna kitu kingine kiliumia ndani, inaweza isizunguke. Akauliza, "Hakuna njia nyingine?" Nikasema kuna watu Dar es Salaam wanaofanya kazi hiyo ya kuokoa data kwa vifaa vikubwa kuliko vyangu, ataituma kwa basi, atasubiri, na atalipa zaidi. Akatazama saa ya simu yake. Kulikuwa na kijana wa chuo aliyeacha ripoti yake ya utafiti kwenye ile diski, na flashi ya yule kijana ilikuwa imeibiwa pamoja na mkoba wake. "Toa, mwanangu. Kwa jina la Mungu."

Nilishika diodi kwa kibano, nikaipasha kwa pasi ya kulehemu upande mmoja, kisha mwingine, mpaka risasi ikalegea ikang'oka. Dodoma mwezi wa saba hewa ni kavu, ukivua sweta usiku linatoa cheche, na cheche hiyo inatosha kuua chipu usiyoiona ikifa. Kwa hiyo mkono wangu wa kushoto ulikuwa na ukanda uliofungwa kwenye ethi, yaani waya wa ardhi. Nikapima tena kwenye plagi: mita ikakaa kimya, ohmu zikapanda. Nikarudisha bodi, skrubu sita, nikaiunganisha na saplai ya benchi peke yake bila kompyuta. Nikaweka kidole juu ya kifuniko.

Mtetemo mdogo, kama paka anayeanza kukoroma. Kisha mlio wa kupanda, kisha "tik" moja ya kichwa kinachotoka mahali pake. Haikurudia. Diski mbovu hupiga tik-tik-tik bila kukoma. Tik moja ni salamu.

Niliiunganisha na kompyuta yangu, nikainakili yote nzima nzima kwenye diski nyingine kabla ya kufungua faili lolote. Ilichukua saa tatu na zaidi kidogo. Katika saa hizo nilimkataza kila mtu kugusa meza. Nilipofungua nakala tulitafuta kwanza ripoti ya yule kijana. Ilikuwapo, kurasa 64, pamoja na majedwali yake. Mama alimpigia palepale.

Diski ya zamani sikuirudisha kwenye kazi, ingawa ilikuwa inazunguka. Iko bila mlinzi na imeshapitia misukosuko. Nilimshauri anunue SSD ndogo, nikamwekea mfumo upya, nikarudisha mafaili kutoka kwenye nakala, nikabadilisha na ile betri ya saa. Saplai ya shilingi 45,000 aliyowekewa na fundi wa kwanza niliiacha humohumo kwenye mashine, ilikuwa nzima tangu mwanzo. Hakulipa ile 120,000.

Ila kazi haikuishia mezani. Nilipokuwa napokea malipo mama alisema kitu kwa kupita tu: "Sasa hata lile la kutekenya vidole litaacha?" Nikamuuliza kutekenya kupi. Akasema boksi la kompyuta, ukiligusa kwa nyuma, lina kaumeme kadogo, alishazoea.

Nilipanda naye bajaji hadi Nkuhungu. Nyuma ya meza palikuwa na ekstensheni ya bei rahisi, na kompyuta ilikuwa imechomekwa kupitia adapta ya pini mbili, bila ethi. Saplai zina kapasita ndogo za kuchuja kelele zinazounganisha waya za umeme na boksi la chuma, zikitegemea kwamba boksi limeunganishwa na ardhi. Ethi ikikosekana, boksi linaelea katikati, karibu nusu ya volti za ukutani. Mita yangu ilisoma 108 kati ya boksi na ethi ya soketi. Mkondo wake ni mdogo, unatekenya tu, lakini unaonyesha kwamba njia ya usalama haipo. Siku waya wa umeme utakapogusa boksi kweli, hakuna kitakachokata kabla ya mkono wa mtu. Nilitupa ile adapta, nikaweka waya wa pini tatu moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani ambayo niliipima ethi yake. Mita ikashuka hadi karibu sifuri. Mama aligusa nyuma ya boksi kwa kidole kimoja, kisha kwa kiganja chote, akacheka.

Hapo pia niliona friji ya soda kwenye kona, imechomekwa kupitia kile kifaa cha kulinda friji, kinachokata volti zikizidi au zikipungua, na umeme ukirudi kinasubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu. Soda zilikuwa na mlinzi, na kompyuta inayolisha nyumba ilikuwa uchi. Sikumlaumu, mwenye kuuza friji alimpa ushauri huo na mwenye kuuza kompyuta hakumpa. Tulikubaliana kwamba mpaka apate UPS (kifaa cha betri kinachoshikilia umeme unapokatika), umeme ukikatika achomoe kompyuta ukutani papo hapo, na ukirudi asichomeke mpaka taa zitulie. Na kila baada ya miezi miwili alete boksi lipulizwe vumbi, kiangazi hata kila mwezi.

Wiki iliyofuata yule fundi wa jirani alifika Majengo na mfuko. Ndani yake zilikuwamo mazabodi mbili alizokuwa ameziweka pembeni mwaka ule kwa hukumu ileile. Tuliziweka mezani moja moja, prosesa na RAM tu, hakuna kingine. Ya kwanza ilipiga bipu. Ya pili ilisoma sifuri kwenye plagi ya pini 4. Tulitafuta mpaka tukaipata transista iliyoungua pembeni ya prosesa, na hiyo ilikuwa imekufa kweli. Akaandika kwa kalamu ya wino mzito juu ya ya kwanza: NZIMA. Kisha akakaa akijaribu kukumbuka ilikuwa ya mteja yupi.